Mahari ya Stumai

Kufuli lilikuwa zima. Hilo ndilo jambo la kwanza Inspekta Mboni Shamte aliloliandika kwenye kijitabu chake asubuhi ile, na ndilo lililoanza kumvuruga.

Aliligeuza mkononi. Halikukwaruzwa wala kuchokolewa. Pete za mlango zilikuwa na kutu ya miaka mingi, maana jengo lile lilikuwa ghala la ushirika kabla chuo kikuu kishiriki cha Mandewa hakijanunua eneo na kuligeuza stoo ya Idara ya Sanaa. Dirisha lilikuwa moja tu, juu, lenye nondo. Paka angepita pale. Ngoma yenye mdomo mpana kama sinia la pilau isingepita.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alijibu Mwalimu Festo, mkuu wa idara. Alikuwa mtu wa Moshi, shati lake limepigwa pasi mpaka mikononi. "Mmoja anao huyu mtunza stoo. Wa pili ninao mimi, na haujatoka kwangu tangu Jumatatu. Kwa hiyo hesabu yako ni fupi, Inspekta."

"Huyu" alikuwa Damari, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu hivi, amesimama pembeni ya mlango na mtoto mchanga amemfunga kifuani kwa kanga. Alikuwa akimpigapiga mtoto mgongoni, polepole, macho yake yakitazama sakafu.

"Shikamoo afande," alisema.

"Marahaba. Mtoto ana miezi mingapi?"

"Mitano. Anaitwa Luciana."

"Miezi haihusiki," alisema Festo. "Kinachohusika ni saa. Juma la Sanaa linafunguliwa leo saa kumi alasiri. Wageni wanatoka Dodoma. Wenye ngoma wanatoka Mtinko, na ni ukoo mzima. Ile ngoma ni ya babu wa babu yao, wametuazima kwa maandishi, na aliyetia sahihi ya kuipokea ni yeye Damari. Saa kumi ikifika bila ngoma, afande, unaondoka naye."

"Na mtoto?"

"Hilo mtaamua ninyi watu wa sheria."

Damari aliacha kumpigapiga mtoto mgongoni, kisha akaendelea.

Mboni aliingia ndani. Stoo ilikuwa na viti vya jukwaa, ngao za maboksi zilizopakwa rangi ya fedha, marimba mawili na magunia ya nguo za mitumba zilizoshonwa upya kuwa mavazi ya maigizo. Pale ngoma ilipokuwa imekaa palibaki duara safi kwenye vumbi. Nyuma ya duara, chini ya turubai, kulikuwa na ngoma nyingine, kubwa vilevile, nyeusi kwa uzee.

"Hii je?"

"Ya mazoezi," alisema Festo upesi. "Haina thamani."

Mboni aliipapasa ubavuni. Vidole vilirudi vyeusi. Akavinusa. Dawa ya viatu. Akaandika: *Ngoma ya mazoezi. Nani anapaka ngoma dawa ya viatu?* Akaupigia mstari.

"Na ukiipata ile ya kweli," Festo aliongeza wakitoka, "niletee mimi moja kwa moja. Kituoni kwenu kuna panya. Ngozi ya zamani ile."

Damari alihojiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya idara. Upepo wa mwezi wa kumi ulikuwa ukisukuma vumbi kutoka upande wa ziwa, na bango la kampuni ya sabuni iliyofadhili tamasha lilikuwa likijipigapiga ukutani.

"Jana Ijumaa ulifungua stoo?"

"Nilifungua."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi, afande. Wanafunzi walikuwa wanachukua viti."

"Na mchana?"

"Mchana pia."

"Mchana alichukua kiti nani?"

Mtoto alianza kulia, Damari akamtoa kifuani, akamnyonyesha huku amejifunika ncha ya kanga.

"Mama Luciana, mimi sikutishi. Ngoma iliibwa saa ngapi?"

"Mimi sikusema imeibwa, afande. Aliyesema imeibwa ni Mwalimu."

"Kwani haikuibwa?"

"Haimo stoo."

"Sasa iko wapi?"

"Saa kumi si mbali," alisema Damari, na baada ya hapo hakusema tena neno lolote isipokuwa "ssh, ssh," kwa mtoto.

Mboni aliandika majibu yote kama yalivyotoka. Alipoyasoma tena yalionekana kama ya mtu aliyeiba na mtu asiyeiba kwa wakati mmoja.

Festo ndiye aliyemwongoza getini. Mlinzi wa zamu ya jana, Mzee Peniel, hakuwepo. Alikuwa amekwenda msibani Iguguno tangu alfajiri, atarudi kesho. Lakini daftari lake lilikuwepo, na Festo alilifungua mwenyewe, akaweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Soma hapo, Inspekta. Mimi nimesoma mara mbili nikadhani macho yangu yananidanganya."

Maandishi yalikuwa makubwa, ya mtu anayebonyeza kalamu:

*Ijumaa saa 6.10. Ngoma kubwa imetoka na mkokoteni. Mahari ya Stumai.*

"Stumai ni nani?"

"Mwanafunzi wetu, mwaka wa pili, muimbaji. Na yuko kijana anaitwa Fabiano, mpiga ngoma, ambaye kila jioni anamsindikiza bweni. Unganisha mwenyewe. Kijana hana kitu, anataka kuoa, mtunza stoo kamfungulia mlango. Ngoma imekwenda kulipia mke."

Maneno yalikaa vizuri mno. Mboni alikuwa na wiki tatu tu Singida tangu ahamishwe kutoka Pangani, na kwao alishaona watu wakitoa mahari ya vitabu, ya cherehani, hata ya redio. Ngoma haikumshangaza sana. Akaenda kumtafuta Fabiano.

Alimkuta ukumbini, juu ya ngazi, akifunga mapambo ya karatasi, misumari mdomoni.

"Shuka chini, kijana. Nina swali la mahari ya Stumai."

Misumari ilianguka mmoja mmoja sakafuni. Fabiano alishuka haraka, akatazama nyuma, akamsogeza Mboni kwenye kona kama yeye ndiye askari.

"Afande, nani kakwambia? Hata mama yangu hajui!"

"Hajui nini?"

"Kwamba nimetuma mshenga!"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli lakini si kosa! Au sheria imebadilika? Siku hizi kila kitu kinabadilika."

"Ulipeleka nini?"

"Barua tu, na kilo mbili za sukari. Baba yake amesema ng'ombe kumi na mbili, afande. Kumi na mbili! Mimi nyumbani Iguguno tuna wanne, na mmoja jicho moja."

"Ndiyo ukaongezea ngoma."

"Ngoma gani?"

"Ngoma kubwa ya Mtinko. Daftari linasema imetoka jana saa sita, mahari ya Stumai."

Fabiano alicheka mpaka akashika ngazi.

"Afande, samahani. Wewe ni mtu wa pwani, eh? Nimpelekee mzee wa Kinyaturu ngoma, niseme hii hapa, nipe binti? Atanifukuza na mbwa. Ngoma inazaa? Ngoma inakamuliwa? Mahari huku ni kitu kinachozaa."

"Jana saa sita ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, mazoezini. Muulize Stumai mwenyewe, muulize kwaya nzima, watu arobaini. Mwalimu Festo pia alikuwepo mpaka saa nane. Alikuwa anatupigia kelele."

Mboni alimuuliza Stumai, akaiuliza kwaya. Watu arobaini walisema neno moja. Fabiano alikuwepo, Stumai alikuwepo, Mwalimu Festo alikuwepo. Hapo mambo yakazidi kuvurugika. Mwoaji hakwenda stoo, mwenye ufunguo wa pili hakwenda stoo, na mahari yenyewe hakuna mzee wa huku ambaye angeipokea. Na sasa binti alikuwa akilia kwa sababu habari ya mshenga imesikiwa na soprano wote wa kwaya.

Saa saba na nusu Mboni alirudi getini peke yake.

Asubuhi alikuwa amesoma mstari mmoja tu, ule uliokuwa chini ya kidole cha Festo. Safari hii alianza juu ya ukurasa, kama alivyofundishwa, na kushuka pole pole. Daftari lilikuwa na safu tatu, yaani saa, jambo na jina la mgeni.

*Saa 1.30. Rori ya maji imeingia.* Jina la mgeni, la dereva, limeandikwa.

*Saa 4.00. Mbao za jukwaa zimeperekwa karakana.* Safu ya jina, tupu.

*Saa 6.05. Warimu wawiri wametoka kura chakura.* Tupu.

Alisimama hapo. Kura? Uchaguzi ulikuwa miaka miwili mbele. Walimu wawili walikwenda kupiga kura gani? Akasoma tena, safari hii kwa sauti, na mlinzi wa zamu aliyekuwa akinywa uji kando akamtazama.

"Kura chakura," alirudia Mboni.

"Ndiyo, walienda kula," alisema mlinzi. "Mzee Peniel huyo. *L* kwake haipo. Mnyaturu wa shamba kabisa yule. Akikwambia 'rara sarama' ujue anakuaga usiku."

Mboni alirudisha jicho kwenye mstari wa saa sita na dakika kumi. *Mahari ya Stumai.* Aliiondoa *r* kichwani, akaweka *l*.

Mahali ya Stumai.

Kwao Pangani mtu angesema mahali *pa* Stumai, na hapo pengine angeshtuka mapema. Lakini huku watu walisema mahali ya huyu, mahali ya yule, hata ofisini kwake. Mzee Peniel hakuandika ngoma imekuwa nini. Aliandika imekwenda wapi.

"Kuna mahali panaitwa kwa Stumai?"

"Stumai mashine! Ile ya kukamua alizeti, ukitoka hapa unashuka mpaka kwenye mwembe ulioungua, nyumba ya bati jipya. Nani hapajui?"

"Na hii safu ya jina, mbona mahali pengine ni tupu?"

"Hiyo ni ya wageni, afande. Mfanyakazi wa chuo hatumwandiki jina. Tunamjua."

Safu ya jina kwenye mstari wa ngoma ilikuwa tupu. Mfanyakazi, basi. Wenye funguo walikuwa wawili, na mmoja alikuwa akipigia kelele kwaya. Mboni hakutaka kuandika jina lililobaki. Aliliandika. Kisha jicho lake likashuka mpaka chini ya ukurasa.

*Saa 12.20 jioni. Pikapu ya Arusha. Ametaka Mwarimu Festo. Ametoka hana kitu, amekasirika.*

Hilo nalo aliliandika, bila kujua liende upande gani.

Mashine ya Stumai ilisikika kabla ya kuonekana. Magunia ya alizeti yalipangwa mpaka darini, na mafuta yalikuwa yakitiririka kwenye karai. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, mikono imeng'aa mpaka kwenye viwiko. Alipoona Mboni akionyesha kitambulisho alizima mashine, na ukimya ukawa mkubwa.

"Karibu, afande. Umechelewa. Mimi nilikutegemea saa tatu."

"Iko wapi?"

"Umekuja bila Mwalimu, basi nitasema. Nyuma ya mashudu. Taratibu, usiiguse kwa mikono ya mafuta kama mimi."

Ngoma ya Mtinko ilikuwa imefunikwa mashuka mawili safi, imezungukwa na magunia ya mashudu ya alizeti kama mgonjwa aliyewekewa mito. Mboni aliipapasa ubavuni. Vidole vilirudi safi.

"Nani aliileta?"

"Unajua aliyeileta."

"Sema wewe."

"Damari. Tunasoma wote masomo ya jioni, kidato cha pili, dawati moja. Hesabu mimi namwibia yeye, Kiswahili yeye ananiibia mimi. Jana alikuja na mkokoteni anahema, mtoto mgongoni, akaniambia, da Stumai, nifichie mpaka kesho saa kumi. Wenyewe wakifika, uilete mbele ya watu wote. Siyo kabla."

"Kwa nini?"

Stumai alifuta mikono kwa tambara, akaingiza vidole kifuani, akatoa kikaratasi alichoachiwa na Damari, kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa na muhuri wa idara.

*Kwa mtunza stoo. Ngoma kubwa ifungwe kwenye sanduku, iandikwe VITI VIBOVU. Itachukuliwa Ijumaa saa 12 jioni na mgeni wa Arusha. Ile mpya ndiyo itakayowekwa jukwaani.* Chini, sahihi. Mboni alikuwa ameiona sahihi ile asubuhi, kwenye maelezo ya mlalamikaji.

"Mgeni wa Arusha ana duka la vitu vya kale," alisema Stumai. "Anauzia watalii. Soko huria, si ndiyo? Damari alisema, mimi nilitia sahihi kwa bibi wa watu. Nikimpa kopi iliyopakwa dawa ya viatu, nitamtazama vipi?"

Mboni alikaa juu ya gunia. Dawa ya viatu ilipata mahali pake, na pikapu ya Arusha pia. Kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko vyote. Festo hakuwa amepoteza ngoma. Alikuwa ameikosa, na hakujua imefichwa wapi. Ndiyo maana aliita polisi. Alitaka polisi wamtafutie, kisha imfikie yeye moja kwa moja, kwa sababu kituoni kuna panya.

"Una mkokoteni?" aliuliza.

"Ninao."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa na robo."

"Basi nisaidie tuipakie. Tutaisukuma wote."

Walifika getini saa kumi kasoro dakika chache. Wageni wa Dodoma walikuwa wameshakaa chini ya turubai, kwaya imejipanga, Fabiano nyuma ya ngoma ndogo amevimba macho. Pikapu iliyojaa watu wa Mtinko ilikuwa imesimama uwanjani, na aliyeshushwa kwanza, kwa mikono ya wajukuu wawili, alikuwa Bibi Magdalena, mkubwa wa ukoo, mwenye blanketi begani ingawa jua lilikuwa kali.

Festo aliona mkokoteni kutoka jukwaani. Alishuka mbio, mikono mbele.

"Inspekta! Kazi nzuri sana. Ipelekeni stoo, nitaishughulikia mwenyewe."

Mboni hakusimamisha mkokoteni. Alitoa kikaratasi, akakifungua mbele ya macho ya Festo, akakishikilia hapo kwa muda wa kukisoma mara mbili.

"Hiyo ni... hayo ni mambo ya ndani ya idara. Vifaa vya jukwaa."

"Viti vibovu," alisema Mboni. "Tutaongea kituoni baada ya ufunguzi, Mwalimu. Utakuja kwa miguu yako, au nije kukuchukua mbele ya wageni wa Dodoma. Chagua."

Festo alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka akawa amesimama katikati ya kwaya kama mtu aliyekosea mstari.

Damari alikuwa bado kwenye benchi nje ya ofisi. Mboni alimfuata pale, akakaa kando yake.

"Ungeniambia asubuhi."

"Ulishuka kwenye gari lake, afande."

"Gari la kituo halina mafuta."

"Mimi ningejua hilo? Niliona umeshuka kwenye gari lake, umekunywa chai yake, unaandika anachosema. Ningekuambia iko wapi, ungemwuliza nani kama nasema kweli?" Alimpandisha mtoto begani. "Nilisema, wacha wanifunge. Kufungwa kutakwisha. Lakini ngoma ikienda Arusha hairudi."

"Ulikuwa tayari kulala mahabusu na huyu?"

"Nilimfungia nepi sita kwenye mfuko," alisema Damari, na hapo tu sauti yake ikapasuka.

Mboni alitazama mfuko wa nailoni uliokuwa chini ya benchi tangu asubuhi. Hakuwa ameuandika.

Waliposhuka uwanjani pamoja, watu wa Mtinko walikuwa wameuzunguka mkokoteni. Bibi Magdalena alikuwa ameweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma, hapigi, anasikiliza tu. Wajukuu walikuwa wakiongea wote kwa mkupuo, Kinyaturu juu ya Kiswahili. Mmoja alisema irudishwe Mtinko sasa hivi, mwingine alisema kwanza huyo mwalimu aletwe. Bibi aliinua mkono, wakanyamaza.

"Shikamoo bibi," alisema Damari.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeweka jina kwenye karatasi?"

"Ni mimi."

"Wanasema uliiiba."

"Niliificha, bibi."

Bibi alisema neno kwa Kinyaturu. Damari alijibu kwa Kinyaturu, kwa kirefu, akionyesha stoo, akionyesha barabara ya Arusha. Mboni hakuelewa hata neno moja. Alitafuta usoni mwa bibi dalili ya hasira au ya msamaha, hakupata hata moja. Kwenye kijitabu chake kulikuwa na mlalamikaji ambaye ndiye mshitakiwa na mwizi ambaye ndiye mlinzi, na mwenye mali alikuwa bado hajasema anataka nini.

Damari alipomaliza, Bibi Magdalena alikunjua blanketi lake begani, akalitandaza kwenye mikono yake miwili, akainyoosha mbele.

"Nipe huyo mtoto," alisema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Huwezi kuipandisha ngoma yangu pale juu na mkono mmoja."

Damari alimfungua Luciana, akamlaza kwenye blanketi. Kisha akainama, akashika ngoma upande mmoja, na Mboni, kabla wajukuu hawajaiwahi, akashika upande wa pili.